Ukipeleka Kitabu cha Tembo Mugumu

Kama umeshuka basi Tarime mjini au umefika Mugumu, hukuhuku mkoani Mara, na begi la vitabu vya picha, tunajua umekuja kwa nia njema. Nia njema ndiyo iliyojaza makabati mengi ya shule zetu. Mwongozo huu ni wako wewe mfadhili, wewe shangazi unayekuja likizo kutoka Dar es Salaam, wewe mwalimu mpya wa darasa la awali uliyepangiwa kituo bila kuulizwa, na wewe baba uliyesikia redioni kwamba mtoto asomewe kitabu kabla ya kulala. Ukiufuata hutapata aibu kubwa. Ndogondogo utapata.

Tahadhari ya wanyama

Najua begi lako limejaa wanyama. Umefikiri hivi: hawa wako Serengeti, hifadhi ipo tangu mwaka 1951, watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kuona tembo na simba, basi watoto wa hapa watafurahi kuwaona kitabuni. Fikra hiyo ni sahihi kabisa ukiwa hotelini Arusha. Ukiwa katika vijiji vya wilaya ya Serengeti vilivyo jirani na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, tembo anajulikana kwa tabia kabla ya kujulikana kwa picha. Huja usiku mahindi yakishakomaa, na haji peke yake. Baba wa mtoto unayemsomea amekesha kwenye dungu akipiga debe, na jirani amezungushia shamba kamba yenye vitambaa vilivyochovywa kwenye pilipili na oili chafu. Halafu asubuhi unakuja wewe, umeoga, na tembo mwenye mashavu mekundu aliyevaa kofia.

Mfano mbaya kuliko yote ni Babar. Mfaransa Jean de Brunhoff alimtoa mwaka 1931, na tangu hapo tembo huyo ametembea dunia nzima: anahamia mjini, anapewa pesa na bibi tajiri, ananunua suti ya kijani, kisha anarudi kwao na kufanywa mfalme. Mtoto wa Mugumu atakuuliza swali moja la haki: mbona tembo ndiye aliyepewa pesa? Kwa kanuni za mwaka 2011, serikali yetu humpa mkulima aliyeliwa mazao kifuta jasho, na aliyejeruhiwa au kufiwa humpa kifuta machozi. Si fidia, na hakuna aliyewahi kununua suti ya kijani kwa pesa hizo. Kama lazima umsome Babar, msome Musoma.

Kuna kingine utakachoambiwa kimeandikwa kwa ajili yetu, Handa's Surprise, cha Mwingereza Eileen Browne, cha mwaka 1994. Handa ni msichana wa Kijaluo wa Kenya, kwa hiyo ni jirani: Wajaluo wenzake wamejaa Rorya, wilaya iliyomegwa kutoka Tarime mwaka 2007. Anabeba kikapu cha matunda saba kichwani kumpelekea rafiki yake Akeyo, na njiani wanyama saba wanamwibia moja moja bila yeye kujua. Tembo anachukua embe. Embe moja! Hapo utacheka peke yako, wasikilizaji watakuwa wanakutazama kwa huruma. Swali la pili litatoka kwa msichana yeyote aliyekwisha kubeba ndoo ya maji kutoka mtoni: kikapu kilipokuwa kinapungua uzito, kichwa chake hakikumwambia? Usijaribu kujibu. Hata hivyo, kusema kweli, kitabu hiki ni kizuri na nakuruhusu ukilete. Mtoto asiyejua hata herufi moja anaona kwenye picha kile ambacho Handa mwenyewe hakioni, na hakuna raha ya utotoni inayoizidi hiyo ya kujua jambo ambalo mkubwa hajui.

Nyani naye mkague kwa makini. Filamu ya The Lion King ya mwaka 1994 ilizaa vitabu vya picha visivyo na idadi, na ndani yake kuna mzee wa busara wa jamii ya nyani anayeitwa Rafiki. Mtoto aliyekosa shule wiki nzima kulinda mahindi dhidi ya nyani hatakuelewa, na mama yake atakuelewa vibaya.

Kiwavi pia. The Very Hungry Caterpillar cha Eric Carle, cha mwaka 1969, kinapendwa duniani kote: kiwavi anakula tofaa, anakula keki, anakula jibini na soseji, ananenepa, anageuka kipepeo. Lakini tangu mwaka 2017 viwavijeshi vamizi wameingia kwenye mahindi ya Tanzania, na mkulima wa Tarime hakai akingoja mnyama huyo ageuke kitu kizuri. Utaulizwa kwa nini hawakumpulizia dawa. Akikaa mtu mzima karibu, atakuuliza jina la dawa.

Halafu kuna mwiko. Koo nyingi za Wakurya zina mnyama wao wa heshima, kila ukoo na wake. Kitabu kinachomfanya mnyama fulani kuwa mjinga wa hadithi kinaweza kupita salama katika kijiji hiki na kuleta ukimya wa ajabu katika kijiji cha pili. Uliza kwanza kwa wazee. Wakikutajia mnyama, mshukuru mzee, usianze kupiga picha.

Hatari yenyewe ni ng'ombe

Hayo yote ni madogo. Hatari yenyewe ni ng'ombe. Usimfungulie mtoto wa Kikurya ukurasa wenye ng'ombe kabla hujaukagua mwenyewe. Wachoraji wengi, wakiwemo wa hapahapa nchini, wanachora ng'ombe mweupe mwenye mabaka meusi, mgongo umenyooka, kengele shingoni na ua la njano mdomoni. Mtoto wa miaka mitano, ambaye kaka yake anachunga na yeye mwenyewe ameshaanza kutumwa kurudisha ndama, ataanza kukuhoji. Nundu iko wapi? Pembe hizi ni za dume na kiwele hiki ni cha jike, sasa huyu ni nani? Mbona amekonda mbavu na nyasi zote zile ziko nyuma yake? Anaumwa? Na mwisho kabisa: wa nani?

Swali hilo la mwisho ndilo mtego. Ukijibu kwamba ni ng'ombe wa kwenye hadithi tu, umelipoteza darasa. Tarime na Rorya zina mkoa wao wa kipolisi, tofauti na ule wa Mara, na wizi wa mifugo, mwingine wa kuvuka mpaka wa Kenya, ni moja ya mambo yaliyowapa polisi hao kazi. Ng'ombe asiye na mwenyewe si mhusika wa hadithi, ni kielelezo mahakamani. Mpe ng'ombe wako mwenyewe tangu ukurasa wa kwanza: ni wa babu yake Chacha, alitolewa mahari ya Bhoke, ana rangi hii na pembe iliyopinda hivi. Hapo utasikilizwa mpaka jua litue.

Nakuonya hasa juu ya kitabu ambamo ng'ombe anapotea ukurasa wa tatu na kupatikana ukurasa wa kumi na mbili kwa furaha ya wote. Ukikisoma mbele ya wazee, kurasa za katikati watakuongezea wao wenyewe, pamoja na majina ya mito iliyovukwa.

Tahadhari ya usiku na theluji

Vitabu vya kulala viache. Goodnight Moon, cha Margaret Wise Brown, kimelaza watoto wa Marekani tangu mwaka 1947, lakini sungura wa humo analala peke yake kitandani, katika chumba kikubwa chenye moto wa kuota, simu na nyumba ya mwanasesere. Mtoto wetu anayelala na ndugu zake watatu au na bibi yake atakuuliza kosa gani limemfanya yule mdogo atengwe.

Theluji, kinyume na unavyodhani, haina shida. Tarime ya juu, kwenye kahawa na migomba, ina baridi yake, na mvua ya mawe watu wanaijua. The Snowy Day cha Ezra Jack Keats (1962) kinaeleweka baada ya maelezo ya dakika moja. Watoto watashangaa tu kwamba hakuna mtu kwenye kitabu anayehuzunikia mahindi.

Nani hasa atasoma

Sasa tuje kwenye kosa la wataalamu. Wote wanaandika kwamba mzazi akae na mtoto mapajani, amsomee. Wana picha kichwani: kochi, taa, mama asiye na kazi. Mama wa hapa saa hiyo anasonga ugali jikoni kwenye moshi, na baba ama hayupo ama yupo na wenzake. Anayemlea mtoto wa miaka mitatu mchana kutwa ni dada yake wa miaka minane, Rhobi au Ghati, aliye darasa la pili, ambaye wiki hii amegundua kwamba ba-be-bi-bo-bu zinaungana kuwa maneno. Huyo ndiye msomaji wako. Anasoma kwa sauti ya paredi, kidole juu ya neno, na mdogo wake mgongoni anaona kila kitu kupitia begani.

Kwa hiyo kabla ya kununua kitabu, jiulize kama Ghati atakimudu. Sentensi ndefu yenye "ambayo" tatu itamwaibisha mbele ya mdogo wake, na mdogo ni shahidi mkali. Mstari mmoja kwa ukurasa unatosha. Kama neno lilelile linarudi ukurasa baada ya ukurasa, hata yule wa mgongoni atalidaka, na siku ya tatu wawili hao watakuwa wanasoma pamoja, mmoja kwa macho na mmoja kwa kichwa.

Msomaji wa pili ni bibi, naye usimdharau kwa sababu hajasoma. Bibi haombi maandishi. Anataka picha yenye mambo mengi: watu waliosimama vibaya, mlango ulioachwa wazi, mtu anayechungulia. Mpe kitabu cha Handa uone maajabu. Kwa Kikurya chake atamwambia mtoto, "Huyu, mjukuu wangu, ameolewa mbali, anarudi kwao bila ruhusa." Mtoto atauliza, "Na huyu tembo, bibi?" "Ametumwa na mkwe." Mwandishi Mwingereza hakuandika hayo, lakini naamini angelipa nauli kuja kuyasikia. Kesho yake hadithi itabadilika, na mtoto atapinga, na hapo ndipo mtoto anapojifunza kuifuata hadithi, kuikumbuka na kuitetea.

Hilo ndilo jambo ambalo shule zetu huligundua kwa tabu. Lugha ya shule ya msingi ni Kiswahili tangu mwaka 1967, lakini mtoto wa kijijini anaingia darasa la awali akiwa na Kikurya, Kingoreme au Kiikoma mdomoni. Picha ndiyo daraja. Miaka ya 2010, mpango wa EQUIP-T uliofanya kazi Mara na mikoa mingine ulikuwa na madarasa ya Utayari wa Shule: vijana wa kijiji hichohicho, wenye lugha ya nyumbani, wakiwaandaa kwa hadithi za Kiswahili watoto wanaokaribia darasa la kwanza. Si wazo jipya. Mwaka 1658, kule Nuremberg, mwanaelimu Comenius alichapa kitabu cha picha cha watoto ambacho watu wengi wanakitaja kuwa cha kwanza cha aina yake Ulaya, na alikipanga kwa lugha mbili sambamba, Kilatini cha shuleni na Kijerumani cha nyumbani. Kitabu chenye Kiswahili juu na Kikurya chini kingekuwa kinafuata mila ya zaidi ya miaka 350. Leo ukikitaka huenda ikabidi ukitengeneze: hadithi za African Storybook, mradi wa Afrika Kusini uliozinduliwa mwaka 2014, zina leseni inayokuruhusu kuzipakua, kuzitafsiri na kuzichapa bure. Ila unapokwenda kuchapa dukani, lipia rangi. Simba wa nyeusi na nyeupe kwenye mashine yenye wino uliokwisha ni jiwe tu.

Tahadhari ya kabati

Umetoa vitabu, umepigiwa makofi, umeandika kwenye kitabu cha wageni. Uliza swali hili kabla hujapanda gari: ufunguo uko kwa nani? Vitabu vizuri vina adui mmoja mkubwa kuliko mchwa na mbuzi, nayo ni heshima. Mwalimu mkuu anaviheshimu sana. Vina rangi, vinang'aa, vimetoka mbali, na mkaguzi anaweza kuja wakati wowote. Hivyo vinafungiwa kabatini kwa kufuli visije vikachafuka, na vinatoka siku ya mgeni tu, pamoja na watoto waliopakwa mafuta miguuni. Ukiona watoto wameshika vitabu vipya kabisa, kimoja juu chini, na wote wanatazama kamera, piga picha haraka uondoke, usiharibu sherehe ya watu.

Dawa yake ni rahisi: sema mbele ya wote kwamba unataka kurudi mwakani uvikute vimechakaa, na kwamba kila ukurasa uliochanika ni sifa kwa shule. Watakuona mwehu, lakini kabati litafunguliwa.

Tahadhari ya ukurasa wa mwisho

Sasa umekwenda kwenye vitabu vyetu wenyewe, na umefanya vizuri. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianza mwaka 1991, na mwaka 1997 ulipata tuzo ya kimataifa ya IBBY-Asahi kwa kuhamasisha usomaji. Mwaka huohuo wa 1991 Walter Bgoya alianzisha kampuni ya uchapishaji ya Mkuki na Nyota, na E&D ya Elieshi Lema na Demere Kitunga nayo imetoa vitabu vya watoto ambavyo picha zake zina watu tunaowajua. Nunua hivyo kwanza. Tarime mjini utahangaika kuvipata. Maduka yamejaa madaftari, rula na mitihani iliyopita, kwa hiyo vibebe kutoka Mwanza au Dar es Salaam.

Lakini kagua ukurasa wa mwisho. Vitabu vyetu vingi vya hadithi, baada ya sungura kushinda na watoto kuruka kwa furaha, vinafungua ukurasa wenye kichwa cha habari "Maswali". Moja, sungura alikuwa na tabia gani? Mbili, hadithi hii inatufundisha nini? Mtoto aliyekuwa akicheka sasa ni mtahiniwa. Bibi anatoka, kwa sababu hana cheti. Gundi kidogo ya ngano inatosha kuunganisha ukurasa huo na jalada.

Ndugu wa ukurasa huo ni vitabu vya kunawa mikono. Mhusika mkuu ni sabuni. Hakuna zimwi, hakuna mwizi, hakuna mama wa kambo, na hakuna mtu anayekosea bila kusahihishwa ukurasa unaofuata. Mtoto wa hapa analala akiwa ameshasikia fisi wakilia nyuma ya zizi. Usimletee hadithi isiyo na kitu cha kuogopa. Mpe zimwi lenye jicho moja na tumbo kubwa, aogope kwa raha akiwa amekaa salama karibu na dada yake.

Ukiwa huna kitabu kabisa

Angalia kilichopo nyumbani. Kuna albamu ya harusi, ambayo mgeni yeyote wa Kitanzania anapewa kabla ya soda. Hicho ni kitabu cha picha chenye wahusika halisi, na mtoto anajua nani alilia, nani alikasirika na nani hakualikwa. Kuna kalenda za miaka iliyopita ukutani. Kuna pesa pia: simba yuko kwenye noti ya 2,000, kifaru kwenye ya 5,000, tembo kwenye ya 10,000. Tembo huyo wa mwisho ni mnyama adimu kuliko yule wa shambani, na mtoto akimwona hatamsahau, ila usimwachie amkunjue mwenyewe.

Ukinunua, nunua nakala mbili za kila kitabu, moja ya shule na moja ya Ghati, aende nayo nyumbani. Na wewe mchoraji wa vitabu vya watoto, kabla ya kuchora kingine, njoo siku ya mnada wa ng'ombe, Tarime au Serengeti, ukae pembeni na daftari lako kuanzia asubuhi. Watoto watakusahihisha bure.